Mpira Usiuachie Chini

Doha, Ijumaa jioni

Nekesa,

Acha kupekua masanduku. Pasipoti yako haijapotea. Haiko chini ya godoro, haiko kwenye begi la zamani la shule, wala haikuanguka garini kama mwenzangu Salim alivyokuambia jana ili utulie. Mamako anayo. Aliificha mapema wiki hii, mimi nikagundua kesho yake, na tangu hapo nimekutazama ukiipindua nyumba juu chini huku nikijifanya nasoma simu. Ukinikasirikia kwa hilo, una haki. Nikasirikie ukiwa umeshafunga mkanda kwenye ndege.

Najua utaona vigumu kuamini, kwa sababu hadithi ya mamako na pasipoti unaijua vizuri. Alipofika mji huu akiwa nesi kijana, meneja wa zahanati iliyomleta, kafili wao, yaani mdhamini, alizikusanya pasipoti za manesi wote akazifungia kwenye droo. Kila alipoomba yake aliambiwa bukra, inshallah, na hiyo kesho haikufika. Nyanyake alizikwa Kitale bila yeye. Umekua ukimsikia akiapa kwamba hakuna mtu atakayeshika pasipoti ya mtoto wake. Sasa ameishika yeye mwenyewe, iko ndani ya ndoo ya unga wa ugali, imefungwa kwa nailoni. Nilipoikuta nilimwambia, "Mama Nekesa, siku hizi umekuwa kafili?" Nilidhani atacheka. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akalia, na mimi nikasimama pale mikono yangu imejaa unga.

Ningeweza kukupa siku ile ile. Lakini nimemwoa mwanamke huyu, na nataka uondoke hapa ukiwa umepewa ruhusa, si ukiwa umetoroshwa. Basi tukapatana. Aliniambia hivi: "Mwandikie. Kila kitu hiyo raga ilikufanyia, mwandikie, usimfiche. Mimi nitasoma kwanza. Akisoma na bado aseme anaenda, nitampa kwa mkono wangu."

Nikakubali. Yeye anadhani ukweli utakutisha. Mimi nadhani ukweli ndio utakaokupandisha ndege. Wewe uko Al Sadd mnaagana na wenzako, yeye yuko zamu hadi usiku, na mimi nimebaki mezani na kikombe cha chai ya karak ambacho kimeshapoa. Kama unatafuta maagizo ya nguo za baridi na namba za watu wa kanisa wa huko, muulize yeye. Mimi sina.

Nianze na sikio, kwa sababu ndilo watu hulitazama kwanza. Sikio langu la kushoto limevimba kama andazi. Ulipokuwa mdogo ulilibonyeza na kuuliza nani alilitengeneza. Lilitengenezwa na nyonga za wanaume niliowakaba kwa miaka mingi. Meno mawili ya mbele si yangu. Bega la kulia limepasuliwa na kushonwa na bado halipandi, ndiyo maana mapazia ya nyumba hii hutundikwa na mamako huku mimi nikishika ngazi. Goti hulalamika kila ninaposhuka kwenye lori. Asubuhi nikiamka huwa naketi kwanza ukingoni mwa kitanda nikiusubiri mgongo ukubali, na kuna siku unachelewa kukubali. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, ninaoandikia, havinyooki, ukitazama mwandiko huu utaona.

Hiyo ndiyo bei. Sasa niulize kama ningerudia. Ningerudia kesho, na bega likiwa hivi hivi.

Leo kanisani kule Mesaimeer, baada ya ibada ya Ijumaa, Mama Brian alinisimamisha karibu na geti watu wakisikia. Akauliza tutamwozesha nani msichana akirudi na sikio kama la babake. Nikamjibu kwamba sikio la babake limeoa vizuri sana, na amsalimie Brian. Baba yako mkubwa Wafula naye amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Bungoma, ule wake mrefu unaoanza na maombi. Anasema ungesomea unesi kama mamako, anasema raga si kazi ya mtu mzima, anasema mtoto wa kike ana mambo yake. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamkumbusha kwamba nyumba aliyokaa ndani yake akirekodi hayo yote ilijengwa na raga. Hajanijibu. Pengine anarekodi.

Hawa watu wote wananipenda, najua, na wanakupenda. Lakini nimechoka kuulizwa nimekuruhusu kwa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza ningekuzuia kwa nini.

Sasa nikueleze nilivyoingia mimi, maana hii hadithi huwa naisimulia kwenye karamu na watu hucheka, na wewe umeisikia kama kichekesho tu.

Nilikuwa Nairobi nauza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jioni nacheza raga ya wachezaji kumi na watano, ile ya kwetu. Mzungu mmoja alikuja kutazama mashindano akaniona nikipita katikati ya watu. Akaniita kwa majaribio kwenye mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako wanacheza raga ya kumi na watatu, ile inayoitwa ligi, na wachezaji wanalipwa mshahara kama watu wengine wa kazi. Babu yako hukumkuta. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, na swali lake kwa mtoto yeyote lilikuwa moja: umekula? Nilipomwambia naenda Ulaya kucheza mpira, aliuliza kama huko wanawapa watu chakula. Nikasema ndiyo. Akasema basi nenda. Baadaye nilipompigia simu kutoka kule, kadi inaisha huku bado anauliza kama nimekula, na mimi namuuliza kama yeye amekula, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Alifariki mwisho wa msimu wangu wa kwanza. Nilirudi, tukamzika, nikaondoka tena na udongo wa Bungoma kwenye soli za viatu.

Lakini nilitaka kukueleza kuhusu mechi ya kwanza.

Kwenye raga ya kwetu, unajua mwenyewe, ukikabwa ukaanguka unauachia mpira papo hapo. Usipouachia, refa anapuliza kipenga. Kocha wetu Nairobi alitufundisha jambo hilo mpaka likaingia kwenye mifupa: mgongo ukigusa nyasi, vidole vifunguke. Kule kwenye ligi mambo ni kinyume. Ukiangushwa, mpira ni wako bado. Unaukumbatia, waliokukaba wanakuachia, unainuka nao, unauweka chini mbele ya macho yao na kuusukuma nyuma kwa unyayo, mwenzako anauchukua na mnaendelea. Mnaweza kuangushwa mara kadhaa kabla mpira haujaenda upande wa pili. Kuanguka ni sehemu ya safari, kumeshawekwa ndani ya sheria.

Yote hayo nilikuwa nimeelezwa, na mazoezini nilikuwa nayafanya vizuri. Siku ya mechi mvua ilikuwa inanyesha na watu wamejaa, nikapewa mpira wa kwanza, nikakimbia nao kwa nguvu zangu zote, wanaume watatu wakaniangusha. Vidole vikafunguka vyenyewe. Mpira ukabingirika kwenye tope, winga wao akauokota akaenda kufunga trai, na mimi bado nimelala chali nikingoja wenzangu waje kuupigania. Hakuna aliyekuja. Walisimama wakinitazama. Kabla ya mapumziko nikafanya hivyo hivyo tena, na safari hii jukwaa zima likacheka. Mchezaji aliyezaliwa pale hawezi kufanya kosa hilo hata akiwa mgonjwa. Lazima uwe umetoka kwetu, na lazima uwe umefundishwa vizuri.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikaa pembeni nikivua viatu. Nilijua sitarudi uwanjani. Kocha alikuwa mtu mfupi aliyewahi kufanya kazi ya kuchimba makaa ya mawe, na kila mtu alimwogopa. Alikuja akachukua taulo, akanifuta tope usoni kama mtoto, akaniuliza swali moja bila kupaza sauti.

"Nani amekuambia umemaliza?"

Aliniambia nifunge viatu.

Msimu ule nilikuwa najiangusha chumbani. Naukumbatia mpira, najitupa kwenye zulia, nainuka nao, nausukuma nyuma kwa unyayo, tena na tena, mpaka bibi aliyeishi chini akaja kugonga mlango akidhani nampiga mtu. Ilinichukua mwaka mzima kuvifundisha vidole kutofunguka. Lakini vilipojua, vilijua kabisa.

Kuna mechi moja ya msimu wa pili ambayo mamako haipendi, naitaja kwa sababu nimeahidi kutoficha. Niligongwa kichwa mapema. Nikainuka na mpira kama nilivyofunzwa, nikakataa kutoka, nikacheza mpaka mwisho, nikafunga trai na tukashinda. Kipindi cha pili sikikumbuki, ila nimekiona kwenye video na nilicheza vizuri. Kwa wiki kadhaa baadaye taa zilikuwa zinaniumiza macho, kisha zikaacha. Basi, hiyo imekwisha.

Nilicheza miaka mingi baada ya hapo. Nisikudanganye kwamba nilikuwa nyota. Nilikuwa yule mtu anayepewa mpira timu ikiwa imechoka, anaingia katikati ya watu, anaanguka, anainuka. Watoto wa mji ule walinijua kwa jina. Kisha bega likaniambia inatosha, klabu ikanipa mkono na picha kwenye fremu, na nikaja Doha nikiwa nimeandikwa kwenye kibali cha mke wangu. Wanaume wa hapa walinitania sana kwa hilo. Niliwaambia kwamba mke wangu ana mabega mazuri kuliko yangu, na ndiyo ilikuwa kweli.

Nikaingia biashara. Hapa usiniige.

Tulifungua jimu Al Sadd, mimi na jamaa mmoja wa kutoka nyumbani. Ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la miwani. Majira ya joto yalipofika wateja wakasafiri, mwenye jengo akaanza kutusumbua, na yule mwenzangu akaniambia mchana mmoja tukiwa tumekaa sakafuni, "Wacha tu, ndugu. Tufunge. Tumejaribu." Na mimi, niliyekaa mwaka mzima nikijiangusha chumbani, nikasikia vidole vinafunguka. Nikatia sahihi alasiri ile ile. Joto lilipopungua alifungua jimu ile ile, chumba kile kile, na mtu mwingine. Ipo hadi leo. Tukipita pale jioni wewe huniuliza kwa nini nimenyamaza ghafla. Ni hilo. Sikukasirika naye kwa muda mrefu. Aliuchukua mpira uliokuwa chini, na aliyeuweka chini ni mimi.

Baada ya hapo nikawa mlinzi kwenye kompaundi moja. Wewe ulikuwa umeanza shule, ulikuwa ukiniona kwenye yunifomu ile ya kahawia unanipigia saluti. Pale getini ndipo nilipojifunza kazi, kwa kutazama. Mji huu watu wanahama kila siku. Mkataba unakwisha, kampuni inabadilisha nyumba, mtoto anazaliwa. Nikawa naona magari yanavyokuja, friji inaburutwa ngazini, magodoro yanatupwa juani, na ikifika jioni familia imekaa katikati ya maboksi na watoto wamelala kwenye makaratasi. Salim alikuwa dereva wa pikapu aliyezoea kuja kupakia hapo. Siku moja alinikuta nimemsaidia mzee mmoja kubeba mashine ya kufulia peke yangu. Unamjua Salim, hata akiwa na haraka anaongea kama yuko barazani kwao Tanga. Akasema, "Kaka, wewe una mgongo, mie nina gari. Sasa twangoja nini?"

Hatukuwa na kitu kingine. Lakini nilijua kuweka nyonga chini ya uzito na shingo juu, nilijua watu wawili wanavyopaswa kupumua pamoja kabla ya kuinua, na haya nimewafundisha vijana wote waliopita kwetu. Na tukaweka desturi yetu, ambayo wewe mwenyewe umeifanya likizo zote tangu ulipoweza kushika bisibisi: kitanda kwanza. Kabla ya sofa, kabla ya friji, kabla ya zulia, vitanda vifungwe na vitandikwe, cha watoto kabla ya cha wazazi. Mtu akihama, akishajua atalala wapi, mengine anaweza kuyangoja. Makampuni makubwa yanatucheka kwa hilo. Wacha yacheke.

Kisha lile kabati. Lilikuwa la mama mmoja Mjordani, kule Al Wukair wakati nyumba nyingi za kule bado zinanuka rangi. Kabati la mbao nzito, limechongwa, lilikuwa la mamake. Alituambia mara tatu tulishike kwa upole. Tukafika kona ya ngazi, bega langu likakataa. Halikuuma hata, lilikataa tu. Kabati likaniponyoka, likashuka ngazi zote, mlango mmoja ukang'oka na mguu ukapasuka. Yule mama alikaa chini kwenye ngazi akaushika ule mlango mapajani.

Salim alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Kaka, tuombe radhi tuondoke. Hapa hapakaliki." Na hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu, kama mimi. Mimi nilikuwa tayari nimegeuka kuelekea garini. Nikavitazama vidole vyangu. Nilivitazama kweli, mbele ya watu, kama kichaa. Kisha nikarudi nikachuchumaa mbele ya yule mama nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu kwamba mimi nimelivunja, na sitatoka kwenye maisha yake mpaka lisimame.

Sijui alielewa nini, maana alinitazama kwa wasiwasi. Lakini tulilipakia. Nikampata fundi mmoja Mpakistani kule Wakrah anayejua mbao za zamani, nikawa nakaa naye kila nikitoka kazini, namshikia mbao, nasugua msasa, mpaka Salim akasema nimehamia. Tulipolirudisha yule mama alifungua milango yote miwili, akaingiza kichwa ndani akakaa humo kwa muda. Alipotoka alisema harufu ya mamake bado imo. Kufikia mwezi uliofuata nusu ya mtaa wake ilikuwa na namba yetu. Unapoona malori yetu yamepangana Al Wukair na watu wanamwita babako bosi, kumbuka yalianzia kwenye kabati lililovunjika.

Haya, sasa wewe.

Sikukuingiza kwenye raga. Mamako hataki kuamini, lakini ni kweli. Nilicheza nawe sebuleni tu, na mto, ulipokuwa mdogo, nikakuangusha kwenye zulia na kukuambia uinuke nao. Ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. Kisha ukajiunga na timu ya shule, ya raga ya kumi na watano, na siku ya mechi yenu ya kwanza nikaja nimevaa miwani ya jua nikasimama mbali ili nisikutie haya. Ulipewa mpira. Ukakimbia, msichana mkubwa kuliko wewe akakuangusha, na wewe ukaukumbatia. Ukainuka nao, ukauweka chini, ukausukuma nyuma kwa unyayo. Refa akapuliza. Penalti, kwa kutouachia mpira. Wenzako walikukasirikia, kocha wako alitupa kofia chini. Wewe ukasimama pale katikati, mikono kiunoni, unamtazama refa kama aliyekosea ni yeye.

Mimi nilikuwa nalia nyuma ya miwani. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile, kwa upande wa pili, miaka mingi nyuma, na nilivua viatu. Wewe ulikuwa unadai mpira wako.

Ndiyo maana waliponitumia habari kwamba timu ya ligi ya wasichana ya kule kaskazini inakutaka, sikushangaa. Mkataba ni mdogo, nimeusoma. Asubuhi utafanya kazi ya mgahawa na jioni mazoezi. Utafika wewe ni yule Mkenya wa kutoka Qatar, na hawatajua wakuweke fungu gani. Mvua ile sitaki hata kuieleza. Utaanguka mbele ya watu. Utaachwa nje ya kikosi na mtu atakayekuambia kwa upole kabisa, na hao wapole ndio wabaya zaidi, maana vidole hufunguka haraka kwa mtu mpole. Na siku moja mwili utakuambia inatosha, mapema kuliko utakavyo, na itabidi uwe mtu mwingine. Siku hiyo usidhani umeacha kila kitu uwanjani. Mimi nilikaa miaka miwili nikilia kwamba sijui kazi yoyote, na kazi ilikuwa kwenye nyonga zangu wakati wote.

Mama Nekesa, najua unasoma. Najua umefika hapa ukiwa umeegemea friji na viatu vya zamu bado viko miguuni. Nimeandika yote, hata jimu ambayo sikuwahi kukueleza vizuri. Hayakunipunguzia hamu hata kidogo ya kumwona akienda. Nilipotoka nyumbani mimi hakuna aliyenishika. Kama mzee angeificha pasipoti yangu kwenye ghala la mahindi, ningekuwa hadi leo nauza misumari, na hatungekutana kwenye ile harusi ya binamu yako nilipokuja likizo, kabla hujaja Doha, na huyu mtoto unayemlilia hangekuwepo. Ndoo iko pale pale ulipoiacha. Sijaigusa tena. Mkono ni wako.

Nekesa, nakupenda, na wala sikuombei safari nyepesi. Nenda ukawasumbue.

Mimi babako, ambaye hakuna aliyemwambia amemaliza.

*

Nekesa,

Nimesoma, mara mbili, na kweli nilikuwa nimeegemea friji.

Babako ameandika ukweli, ila kwa ile mechi ya kichwa amepita mbio. Jioni ile alinipigia simu. Tulikuwa wachumba tu wakati huo. Aliongea vizuri, sauti yake ya kawaida, akaniuliza kama babake amekula. Nikadhani sijasikia. Akauliza tena, baba amekula? Na babu yako alikuwa kaburini, yeye mwenyewe ndiye alimwaga udongo wa kwanza. Nikamwambia ndiyo, amekula. Akafurahi. Mimi nilikuwa hapa Doha, pasipoti yangu iko kwa droo ya mtu, na singeweza kwenda kumshika kichwa. Hajui nilikaa sakafuni mpaka asubuhi. Sasa atajua, kwa sababu najua atasoma hii.

Hiyo ndiyo ilinifanya nifiche yako. Nilifikiri nikiishika nitakuwa nimekushika wewe. Nisamehe, mama.

Mpira shika kama babako amesema. Lakini ukigongwa kichwa, toka uwanjani, hata wakikuita mwoga, hata mkiwa mnashinda. Hiyo siyo kuuachia. Mimi ni nesi, na mimi ndiye nilijibu hiyo simu.

Pasipoti yako ndiyo hii, ipanguse unga. Yangu pia nimeitoa, iko ndani ya mkoba wangu na itakaa humo. Siku utakayonipigia uniulize kitu ambacho jibu lake unalijua, nitakuwa njiani kabla hujakata simu.

Mamako